Posa ya Karatu: Je, bado tunapimana kwa rangi na jinsia?

MZEE mmoja ninayeswali naye hapa Dar es Salaam alinivuta pembeni baada ya swala ya Alasiri. Alikuwa amesikia kuwa nina safari ya Arusha na kwamba nitafika hadi Karatu. "Kuna kijana wa huko ameleta posa kwa binti yangu," akaniambia. "Anafanya biashara ya vitunguu, anavitoa Mang'ola anavileta Ilala. Nakuomba unichunguzie." Nikamuuliza anataka nichunguze nini hasa. Nilitarajia aseme dini yake, tabia yake, kama ana mke mwingine au madeni. Mzee akajibu kwa upole kabisa: "Kwanza nijue ni mtu gani. Maana mdogo wangu anasema ni Mmbulu."

Nikaja kufahamu kuwa posa ile ilikuwa imeigawa nyumba. Ami wa binti, mtu wa pwani asiyeficha, alikuwa anapinga. Kwake yeye mtu wa bara ni mtu wa bara tu hata akihiji. Shangazi zake binti, kwa upande mwingine, walikuwa wamefurahi mno. Walisema Wambulu ni weupe, wana pua nzuri na nywele laini, na wajukuu watatoka "maji ya kunde". Yaani katika nyumba moja kijana amepimwa mara mbili kwa kipimo kile kile cha asili na ngozi. Upande mmoja kikamshusha, upande mwingine kikampandisha. Na hakuna kati yao aliyekuwa amezungumza naye zaidi ya salamu.

Ndugu msomaji, nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila ukizungumzia ubaguzi katika nchi yetu utajibiwa haraka kuwa mambo hayo yalikwisha mwaka 1961, yamebaki Ulaya na Marekani. Ni kweli kwamba sheria za kibaguzi zilifutwa. Lakini sheria ni jambo moja, na macho ya watu ni jambo jingine. Na kama kuna sehemu ya nchi hii inayofaa kuwa darasa la somo hili, basi ni ule ukanda kuanzia mji wa Karatu kupanda hadi Ngorongoro na kuteremka ziwa Eyasi. Hapo wanaishi Wairaqw, ambao sisi huwaita Wambulu, pamoja na Wamaasai, Wabarbaig na Wahadzabe. Na kila siku hupita hapo misafara ya magari ya wageni kutoka dunia nzima.

Tuanze na rangi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wawili, mtu na ndugu yake, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa wakilima na kufuga ndani ya kreta ya Ngorongoro. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, mashamba ya kahawa ya walowezi yalienea Oldeani, juu ya Karatu. Mwafrika alikuwepo kama kibarua. Nchi nzima ilipangwa hivyo. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na mishahara kwa kazi moja ilitofautiana kwa rangi ya mtendaji. Hospitali ya Ocean Road hapa Dar, ambayo leo tunaijua kwa matibabu ya saratani, ilikuwa ya Wazungu. Hata kura zilipokuja, zilikuja kwa rangi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Anayekataa kumchagua mmojawapo, kura yake imeharibika.

Itakumbukwa kuwa suala hilo la kura tatu nusura liipasue TANU pale Tabora, Januari 1958. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama cha Congress kwa sababu hakuwa tayari kuona nchi inagawanwa na wageni. Lakini yako matokeo ya uchaguzi ule ambayo husimuliwa kwa nadra. Jimbo la Kaskazini, ambalo ndani yake zilikuwemo wilaya za Mbulu na Masai, yaani Karatu na Ngorongoro ya leo, lilimchagua mwanamke kuwa mjumbe wake wa Kiasia katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa Sophia Mustafa wa Arusha, Mwislamu aliyezaliwa India mwaka 1922 na kukulia Nairobi. TANU ndiyo iliyomuunga mkono, na kura za Waafrika ndizo zilizompeleka Dar es Salaam.

Msomaji atafakari mkanganyiko wake. Mama huyu alibebwa na TANU, lakini hakuweza kuwa mwanachama wa TANU, kwani chama hakikuwafungulia mlango wasio Waafrika hadi mwaka 1963. Alichaguliwa kuwakilisha watu wote huku sheria ikimhesabu kuwa wa kiti cha Waasia. Na alikuwa mwanamke katika baraza la wanaume. Mwaka 1961 aliandika kitabu cha kumbukumbu zake, The Tanganyika Way, na alifariki Canada mwaka 2005. Ni wangapi kati yetu waliowahi kumsikia? Tunamtaja Bibi Titi Mohamed, na tuna haki ya kumtaja, ingawa naye ilichukua miaka mingi kabla jina lake halijarudi midomoni mwa watu. Wanawake wa historia yetu husahauliwa kwanza, wakikumbukwa ni kwa bahati.

Ulipofika mjadala wa uraia, Oktoba 1961, miezi miwili tu kabla ya uhuru, walikuwepo wajumbe waliotaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi. Mwalimu Nyerere alisimama akapinga kwa ukali na kutishia kuwa serikali yake itajiuzulu kama hoja hiyo itapita. Haikupita. Uraia ukawa ni utii kwa nchi, ngozi ikawekwa kando. Hilo halikuwa jambo dogo, na tusilidogoshe.

Lakini macho, kama nilivyosema, hayafutwi kwa muswada. Katika safari yangu tulikuwa watatu garini, mmoja wetu ni Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, kazaliwa Moshi, na babu yake kazaliwa Moshi. Tulipofika kwenye geti moja la watalii, ambalo sitalitaja, yeye peke yake ndiye aliyeombwa kitambulisho, kwa kuwa mgeni alikuwa akilipa kwa dola na raia akilipa kwa shilingi. Mimi nilipita bila kuulizwa. Ningeweza kuwa Mmalawi! Yule ndugu alitoa kitambulisho kabla hata sentensi haijakwisha, na nilipomwangalia alitabasamu tu, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Jioni hiyo hiyo, katika mgahawa mmoja wa Karatu, mimi na mwenzetu mwingine tulikaa muda mrefu tukisubiri chakula, huku Wazungu walioingia nyuma yetu wakihudumiwa. Mhudumu alikuwa Mwafrika kama sisi. Kwa hiyo geti lilimbagua mwenzetu kwa kumwona si mweusi, na mgahawa ukatubagua sisi kwa kutuona ni weusi.

Sasa tupande juu, Oldupai. Sitaki kuingia katika mjadala wa nadharia ya Darwin, hilo lina wenyewe na lina siku yake. Nataka tuangalie wachimbaji, tuachane kwanza na mifupa. Mwaka 1959, mwaka ule ule ilipoanzishwa Hifadhi ya Ngorongoro, Mary Leakey alitoka asubuhi ya Julai 17 kwenda kutembea bondeni na mbwa wake. Mumewe, Dk. Louis Leakey, alikuwa mgonjwa kambini. Mary ndiye aliyeona fuvu lililochomoza ardhini. Lakini sifa za mwanzo zilimwendea zaidi mume, ambaye ndiye aliyezunguka dunia kuhutubia. Mary hakuwa hata na shahada ya chuo kikuu.

Fuvu lile liliitwa Zinjanthropus, maana yake mtu wa Zinj. Hilo ni jina ambalo wasomaji wa gazeti hili wanapaswa kulitambua, kwani Zanj ndivyo Waarabu walivyoiita pwani yetu na watu wake. Al-Masudi aliifikia pwani hii katika karne ya 10 na akaandika habari zake. Jina hilo hilo ndilo walilobandikwa watumwa weusi waliokuwa wakikwangua chumvi kwenye mabwawa ya Basra, ambao waliasi mwaka 869 na kupigana na dola ya Kiabbasi hadi 883. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra, alikuwa amekwisha kuandika risala nzima kuwatetea weusi dhidi ya waliowadharau. Mtu haandiki utetezi kama hakuna mashitaka. Basi tusidhani kuwa maradhi haya yaliletwa na Mzungu peke yake.

Wazungu nao kwa upande wao walikuwa na kichekesho chao. Mwaka 1912 lilitangazwa fuvu huko Piltdown, Uingereza, na wasomi wakalipokea kwa mikono miwili kama ushahidi kwamba mtu wa kale mwenye ubongo mkubwa alikuwa Mwingereza. Mwaka 1925 Raymond Dart alipotangaza fuvu la Taung kutoka Afrika Kusini, wengi walilibeza kwa muda mrefu. Mwaka 1953 ikabainika kuwa fuvu la Piltdown ni la kughushi, mfupa wa binadamu umeunganishwa na taya la nyani mkubwa na kupakwa rangi. Miaka 41 wasomi waliamini uongo kwa sababu ulipendeza ngozi yao.

Na Waafrika walikuwa wapi? Walikuwa wameinama wanachimba. Mwaka 1978 huko Laetoli, kusini ya Oldupai, mwanakemia Paul Abell aliona alama inayofanana na kisigino. Aliyeendelea kusafisha pale na kufichua nyayo zaidi ni mfanyakazi wa Mary Leakey, Mkenya aliyeitwa Ndibo Mbuika. Nyayo zile zina umri wa miaka milioni 3.6 na zimetangazwa duniani kote, na jina la Ndibo utalikuta kwa kulitafuta. Mwenzake, Kamoya Kimeu, ambaye mwaka 1964 aliona taya maarufu la Peninj karibu na ziwa Natron, angalau alipewa medali mkononi na Rais Reagan mwaka 1985. Ilibidi tusubiri hadi 2016 kuona ugunduzi mwingine mkubwa wa nyayo za Laetoli ukichapishwa chini ya majina ya Watanzania, Profesa Fidelis Masao na Dk. Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwa na wenzao wa Italia.

Kuna jambo moja kuhusu nyayo hizo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu. Katika makumbusho ya New York wametengeneza sanamu za hao waliotembea Laetoli. Wamemweka mwanamume, na pembeni yake mwanamke, na mwanamume amemzungushia mwanamke mkono begani kama anayemlinda. Nyayo hazisemi hivyo! Nyayo zinasema mmoja alikuwa na mguu mkubwa na mwingine mdogo. Huenda ni mama na mtoto. Huenda ni ndugu wawili. Waliochonga walichukua picha ya mume na mke wa kwao wakaipeleka nyuma miaka milioni tatu na ushei, na wageni wanaipiga picha.

Turudi kwa walio hai. Mwaka 1958, mwaka wa kura tatu, wazee wa Kimaasai waliwekewa mkataba wa kuondoka Serengeti, na wakaahidiwa kuendelea kuishi Ngorongoro. Waliotia saini ni laigwanan, viongozi wa kiume. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuwauliza wanawake, wala Mwingereza wala Mmaasai. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta wakatolewa. Mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi nzima, na hata kiliporuhusiwa mwaka 1992 kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Watu walikuwa kama 8,000 hifadhi ilipoanza, na kufikia 2017 walikadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Mwaka 2022 serikali ikaanza kuwahamishia Msomera, Handeni. Yenyewe inasema ni kwa hiari. Wengi wa wanaobaki wanasema huduma zimepunguzwa makusudi ili wachoke. Agosti 2024 walijaa barabarani ndani ya hifadhi kupinga, na Desemba mosi mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana nao Arusha na kuahidi kuunda tume mbili.

Hoja ya wanyama na maji ina uzito wake, na sitaki kujifanya nina jibu. Ninachouliza ni jinsi tulivyojadili. Katika vijiwe vya mjini mwaka 2022 nilisikia watu wazima, wengine wenye tasbihi mikononi, wakisema "Wamasai hawajastaarabika, wahamishwe tu". Neno kustaarabika lenyewe, ukilifumua, ni kuwa kama Mwarabu. Na Mmaasai tunayemjua sisi wa mjini ni yule aliyeko getini. Anatulindia nyumba usiku, anasuka nywele za binti zetu Kariakoo, anatuuzia dawa za mizizi, na bado wote tunawaita "Masai" kana kwamba hawakupewa majina na mama zao.

Na mama zao je? Kwa Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke, na kila mke ana nyumba yake. Msomera familia imejengewa nyumba moja ya vyumba vitatu katika kiwanja cha ekari mbili na nusu, na kupewa shamba la ekari tano. Aliyekuwa na wake watatu ana nyumba ngapi? Na hati ikiandikwa, itaandikwa jina la nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Anayepanga makazi ndiye anayepaswa kuikumbuka, na mara nyingi naye ni mwanamume anayezungumza na mwanamume.

Kwa wanaodhani kuwa kumpima mtu kwa vazi ni jambo geni, warejee mwaka 1968. Mkoani Arusha iliendeshwa operesheni ya kuwavalisha Wamaasai nguo za kisasa. Mwenye lubega alizuiwa kupanda basi au kuingia ofisini. Oktoba mwaka huo huo, hapa Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na baadhi ya wanawake walikimbizwa na kudhalilishwa mitaani Kariakoo. Mmaasai alikosea kwa kuvaa kidogo kwa sababu ni wa zamani mno, na msichana wa mjini alikosea kwa kuvaa kidogo kwa sababu ni wa kisasa mno. Leo lubega ile ile iko kwenye mabango ya utalii. Sisi ambao mabinti zetu waliwahi kusumbuliwa kwa sababu ya hijabu tulipaswa kuwa wa kwanza kuona ubaya wa mtu mwenye mamlaka kusimama mlangoni na kukagua nguo za wenzake.

Chini ya Karatu, kandokando ya ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao majirani huwaita Watindiga. Ni watu wapatao elfu moja na kidogo, na wengi wetu tunawaona wa mwisho kabisa katika ngazi ya maendeleo. Katika miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda Chini ili wawe wakulima, wengi wakaugua na kufa, waliobaki wakarudi porini. Lakini hawana machifu, na mwanamke wao haolewi kwa amri. Watafiti wakiongozwa na Kristen Hawkes walikaa nao wakipima chakula kinacholetwa kambini. Sote tungedhani familia inalishwa na upinde wa mwanamume. Wakakuta kuwa kuna siku nyingi ambazo mwindaji hurudi mikono mitupu, na watoto wananenepa kwa viazi vya mwitu vinavyochimbwa na wanawake, hasa mabibi. Bibi kizee wa Kihadzabe anachimba saa nyingi kuliko msichana. Mwindaji ndiye anayepigwa picha na watalii.

Kuna kisa cha Abu Dharr ambacho kila mwanafunzi wa madrasa amekisikia. Alimtusi mwenzake kwa mama yake kuwa mweusi, na inasemekana mwenzake huyo alikuwa Bilal. Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake. Mara nyingi masheikh wetu hukisimulia kama kisa cha rangi tu. Lakini tusi lenyewe lilipita kwa mama. Mwanamume ametaka kumuumiza mwanamume, na silaha aliyoiona karibu ni mwanamke mweusi ambaye hakuwepo hata pale. Huko ndiko rangi na jinsia hukutana, na ndiyo maana napata shida na wale shangazi waliofurahia wajukuu weupe. Ukiwasifia weupe wa mkwe, yule binti wao mweusi anasikia. Kesho atakwenda dukani kununua mkorogo, na tutamlaumu yeye.

Niliporudi Dar nilimpelekea mzee taarifa. Kijana ni Mwiraqw kweli, baba yake alisilimu zamani, anaswali jamaa katika msikiti wa mjini Karatu, imamu anamfahamu, hadaiwi, na wafanyabiashara wenzake wa Mang'ola wanamwachia fedha zao bila maandishi. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akauliza kuhusu nyumba ya kijana, akauliza kuhusu mama yake. Nami nikamuuliza swali moja ambalo tangu siku ya kwanza sikulisikia likitajwa, si na yeye, si na ami, si na shangazi: binti mwenyewe anasemaje?

Mzee akanyamaza kidogo, akajikuna kidevu. Akasema leo usiku atamwambia mama yake amuulize.